Kahawa Aliyoinywa Babu Nimr

Wiki nzima nilikuwa namfundisha Babu Nimr kutokunywa kahawa. Mtu aliyetumia umri wake kuwafundisha wenzake adabu, leo anafundishwa na mimi, Rihab, mjukuu wa ndugu yake, dereva wa basi, mwanamke ambaye mdomo wake ukoo mzima unaulalamikia. Namkalisha kwenye kochi la Mama, namwekea mto mgongoni, naweka kikombe mbele yake na kumuuliza, "Babu, hiki unakifanyaje?" Siku akiwa mzima ananitazama kwa dharau, anakisukuma kikombe kwa kidole kimoja na kusema kwa sauti ile ile iliyokuwa ikinyamazisha watu katika kambi ya wakimbizi ya Saida, "Kahawa yenu tumeiona, Mungu aitie baraka. Hatuinywi mpaka mtupe tulichojia." Hapo moyo wangu unatulia. Siku nyingine anainywa yote, anafuta masharubu, anauliza kama imebaki.

Tulichojia kilikuwa msamaha wa Tamim, mdogo wangu.

Novemba iliyopita Tamim alikuwa anarudi kutoka kazini. Huku Odense, Denmaki, Novemba, saa kumi jioni giza limeshatanda, na siku ile mvua ilinyesha tangu asubuhi. Haitham, mtoto wa pili wa jirani zetu wa jengo la mkabala, alikatiza barabara na baiskeli isiyo na taa. Tamim alimwona wakati ameshamgonga. Wale wawili walizaliwa mwaka mmoja, wakasoma darasa moja, wakacheza mpira timu moja, wakafukuzwa pamoja na mwalimu mmoja. Haitham alifia palepale, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Tamim.

Mahakama ikamaliza kazi yake: baiskeli haikuwa na taa, mwendo wa gari ulikuwa wa halali, kijana hana hatia. Wakafunga faili, wakaenda kula chakula chao cha mchana. Baba Haitham alisimama pale nje na kofia yake mkononi, akauliza, "Kwa hiyo mwanangu kajiua mwenyewe?" Laiti wangemfunga Tamim hata miezi mitatu, pengine wale wazazi wangepata pa kuegemea. Namuombea mdogo wangu mabaya, najua, lakini hivyo ndivyo nilivyofikiri siku ile.

Mila yetu inasema jamaa wa aliyeua hawakanyagi matanga. Wanajificha, wanatuma wazee kuomba muda. Muda ukaombwa, ukatolewa, ukaongezwa, na sasa ulikuwa unakwisha mwaka ukitimia. Fahd, kaka yake Haitham, alishasema msikitini mbele ya watu kwamba muda ukiisha yeye asilaumiwe. Tamim naye akawa hatoki nje. Mama akimpelekea chakula cha usiku anakuta cha mchana hakijaguswa. Mimi basi langu linapita pale pale alipoanguka Haitham, ndiyo njia niliyopangiwa, na kila nikipita namsomea Fatiha huku nikiogopa kwamba nikirudi nyumbani nitakuta Tamim amejimaliza kabla Fahd hajamfikia.

Ndipo Baba Haitham alipotuma salamu. Mlango wake ataufungua, alisema, lakini kwa sharti moja: Nimr aje mwenyewe. Miaka ile ya kambini ni Nimr aliyempatanisha baba wa huyo Baba Haitham na watu waliomwaga damu ya ami yake, na tangu hapo hajaona mwanamume mwingine anayejua kubeba neno zito.

Tatizo ni kwamba Nimr huyo hayupo tena. Ana miaka mitatu akili inamtoka kidogo kidogo. Anaweza kukusimulia njia ya kwenda kisimani kijijini kwao Palestina, lakini akiwa chooni anasahau njia ya kurudi sebuleni. Na sisi hatujamwambia mtu. Kwetu mtu akipata kansa tunanong'ona, akipoteza akili tunamfungia ndani na kusema ana mafua. Mzee wa watu ana mafua ya miaka mitatu, na hakuna aliyewahi kuuliza ni mafua gani hayo.

Nilimwambia Mjomba Shafiq, kaka yake Mama, tuseme ukweli. Twende kwa Baba Haitham tumwambie mzee hajiwezi, ataje mtu mwingine. Mjomba aliniangalia kama niliyependekeza twende tukiwa uchi. Akasema Baba Haitham ataona tunatafuta udhuru, mlango utafungwa, na damu ya Tamim itakuwa juu yangu. Akasema mzee ana maneno machache tu ya kutamka, mengine yote ni ya imamu. Nikamuuliza je, akiinywa? "Wewe endesha basi lako," akanijibu. Siku hiyo hiyo jioni akaja kwetu na paketi ya kahawa nzuri, akaniomba kwa upole nimfanyishe mzee mazoezi.

Jumapili baada ya adhuhuri tukakutana chini ya jengo lao. Wanaume walivaa makoti meusi, wameoga, wamenyoa, nyuso zimekaza. Mwanamke hana kazi katika msafara kama ule, ila Babu anahitaji mtu wa kumpa vidonge na kumwonyesha choo, na hakuna mwanamume hata mmoja aliyejitolea. Jengo limeshapangiwa kubomolewa, kwa hiyo lifti imeharibika na hakuna wa kuitengeneza. Tulipanda ngazi, Babu akipumzika kila ghorofa. Katikati mama mmoja wa Kidenmaki, Bi Inger, alifungua mlango wake, akaona mstari wa wanaume wenye ndevu na makoti meusi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama awapigie polisi simu. Nikamwambia tunakwenda kunywa kahawa tu. Akasema basi, haya, akafunga. Nilicheka peke yangu pale ngazini, kwa sababu tulikuwa tunakwenda kutoinywa.

Fahd ndiye aliyefungua. Hakutoa mkono kwa mtu ila kwa Babu Nimr. Wanaume wakaingia sebuleni, wakapangana kuzunguka kuta chini ya picha ya Haitham akiwa na jezi yake ya mpira. Mimi nikaenda jikoni.

Jiko lile zamani nilikuwa naingia bila kubisha. Ni Mama Haitham aliyenifundisha kukunja majani ya mzabibu, akinipiga vidole kila nikilegeza. Sasa alikuwa amesimama mbele ya moto, amenipa mgongo, anaingojea kahawa ichemke. Nikamsalimu. Akaitikia kama mtu anayemwitikia mpita njia. Nikasimama karibu na friji, sijui mikono yangu niiweke wapi. Akamimina vikombe kimoja kimoja, kahawa chungu, iliki bila sukari, na alipomaliza akasema bila kugeuka, "Wameniambia nipike kahawa. Kingine hawajaniambia."

Fahd akachukua sinia, akamwekea kila mmoja kikombe mbele yake. Mlango wa jikoni ulibaki wazi, na kutoka pale nilipokuwa nilimwona Babu kwa ubavu, kofia yake nyeupe, mkono wake wenye mabaka umetulia juu ya fimbo. Vikombe vilikaa mezani na hakuna aliyevitazama. Imamu akaanza. Akasema juu ya subira, akasema juu ya ujira wa wanaosamehe, akasema tena juu ya subira. Mvuke ukaisha kwenye vikombe na bado alikuwa anasema. Mwishowe akanyamaza, akamgeukia Babu Nimr kwa heshima, maana neno lenyewe sasa lilikuwa lake.

Babu akakitazama kikombe chake. Mjomba Shafiq akakohoa. Akakohoa tena. Mimi jikoni nilikuwa natamka yale maneno kwa midomo, kahawa yenu tumeiona, Mungu aitie baraka, kama vile yangeweza kumfikia.

Kisha nikasikia mvuto. Ule mvuto wa mzee anayeinywa kahawa kwa raha zake, hana haraka na mtu.

Aliimaliza yote. Mjomba Shafiq alifumba macho. Imamu akatazama zulia. Fahd, ambaye hakuwa amecheka tangu tuingie, alicheka kidogo upande mmoja wa mdomo. Kila mtu mle ndani alijua maana yake. Mgeni aliyekunywa amekirimiwa na hadai kitu. Tulikuwa tumekuja kumwombea Tamim na tumeondoka mikono mitupu kabla hata ya kuomba.

Babu akakirudisha kikombe kwenye kisahani, akaulambalamba ule uchungu mdomoni. Akatazama makoti meusi. Akatazama vichwa vilivyoinama, kimoja baada ya kingine, na uso wake ukabadilika.

"Wanangu," akasema, "nani amefariki?"

Wanaume wakatazamana.

"Nawauliza, nani amefariki katika nyumba hii? Mbona hamniambii?"

Baba Haitham alikuwa amekwishaanza kusimama kwa hasira, nadhani alidhani anafanyiwa mzaha. Akamtazama mzee vizuri. Akamtazama Mjomba Shafiq, na Mjomba akakwepesha macho, na hapo nikaona yule bwana anaelewa, taratibu, yale mafua yetu yote ya miaka mitatu. Akakaa tena.

"Mwanangu, mzee," akasema. "Haitham."

"Yule mkubwa?"

"Wa pili."

Babu akainuka. Fimbo ilianguka na hakuijali. Akavuka sebule akitetemeka, akamkumbatia Baba Haitham akiwa bado amekaa, akakilaza kichwa cha yule baba kifuani kwake, akalia. Hakulia kile kilio cha wazee cha kutimiza wajibu. Alilia kwa sauti, mabega yakimtikisika, kama ndugu aliyefika kutoka mbali na kukuta kaburi limeshafukiwa.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Sikuambiwa. Ningekuja siku ile ile."

Sisi wengine wote tuliambiwa. Tulijua kabla hata maiti haijatoka barabarani. Mwaka mzima tulipeleka wazee, tukapeleka maneno, tukaomba muda juu ya muda, na hapakuwa na mmoja wetu aliyekuja kumlilia Haitham ndani ya nyumba ile, kwa sababu mila inakataza. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nyuma yangu Mama Haitham alikuwa ameacha kuosha birika. Maji yalikuwa yanamwagika tu.

"Alikufaje?" Babu akauliza.

Fahd akafungua mdomo, baba yake akamnyamazisha kwa mkono.

"Gari, mzee. Mvua na giza. Baiskeli yake haikuwa na taa."

Neno hilo la taa hakuwahi kulitamka. Mahakamani lilisemwa na kila mtu isipokuwa yeye. Lakini Fahd hakuwa mtu wa kuiachia nafasi ile ipite. Alisimama akamwambia baba yake kwamba wageni wameshakunywa, hawakuomba kitu, waage waende. Na kwa mila alikuwa na haki. Mjomba Shafiq akaruka, akasema mzee ni mgonjwa, kunywa kwake hakuhesabiki. Alipaswa kukaa kimya. Fahd akamuuliza kama walikuwa wamewaletea mgonjwa makusudi, kama damu ya mdogo wake thamani yake ni mzee asiyejua yuko wapi. Mwingine akadakia, imamu akaita jina la Mungu, sauti zikapanda. Katikati yao Babu bado alikuwa amemkumbatia Baba Haitham, anampapasa kichwa kama mtoto.

Mama Haitham akapita mbele yangu. Akasimama kwenye mlango wa sebule, birika mkononi linadondosha maji.

"Mwiteni mwenyewe," akasema.

Mumewe akauliza nani.

"Tamim. Mwaka mzima mnazungumza nyinyi kwa nyinyi. Mnaomba muda, mnatoa muda, na mimi napika kahawa. Mtu wa mwisho kumshika mwanangu akiwa hai ni yule. Nataka nimuulize kitu."

"Mama, akiingia humu mimi sijui," Fahd akasema.

"Utajua," akamjibu. "Utakaa hapo, na utajua." Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akanitazama usoni. "Rihab, mpigie ndugu yako simu."

Nilipiga nikiwa sijui kama namwitia msamaha au kisu. Nilitaka kumwambia asije. Nilitaka kumwambia achukue koti na pasipoti atokee mlango wa nyuma. Nikamwambia tu kwamba Mama Haitham anamtaka. Akasema, "Nakuja," haraka, kama aliyekuwa amekaa mwaka mzima na viatu miguuni. Nilimwona kupitia dirisha la jikoni akivuka maegesho katika manyunyu, hana koti, anatembea katikati ya njia bila kuangalia kushoto wala kulia. Nikamchukia Babu, nikamchukia Mjomba, nikajichukia mimi mwenyewe na ile simu.

Alipoingia vichwa vyote vikamgeukia. Wengine hawakuwa wamemwona tangu msiba, na nadhani hata Fahd alishtuka. Shati lilimning'inia mwilini kama si lake. Alibaki mlangoni. Mama Haitham akamsogelea karibu sana, mpaka kichwa chake kikawa chini ya kidevu cha Tamim.

"Polisi walisema alikufa papo hapo," akasema. "Lakini Bi Inger alikuwa kituo cha basi. Ananiambia aliona unaongea naye."

Tamim akatikisa kichwa kukubali.

"Alisema nini?"

"Mama Haitham, mimi niliapa."

"Ulimwapia nani?"

"Yeye."

"Yeye ni mwanangu. Nakufungulia kiapo. Alisema nini?"

Tamim akaifuta mvua usoni. "Aliniambia, usimwambie Mama kuhusu taa. Atanigombeza."

Mama Haitham akatoa sauti ambayo mpaka leo siwezi kusema kama ilikuwa kicheko. Akaegemea mlango. "Nilimgombeza asubuhi ile ile," akasema. "Nilimwambia, wewe na hiyo taa, ipo siku. Akanibusu kichwani, akaniambia nina kelele kuliko redio. Akaondoka." Akakaa chini pale pale kwenye zulia, mbele ya wanaume wote, na Tamim naye akakaa, wakabaki wanatazamana. Fahd alikuwa amegeukia ukutani, paji la uso limegusa picha ya mdogo wake. Baba Haitham hakusogea.

Baadaye, sijui ilikuwa muda gani, Mama Haitham akanyoosha mkono mezani. Akachukua kikombe kilichokuwa mbele ya imamu, kimepoa, kimeganda juu. Akampa Tamim. Tamim akakishika kwa mikono yote miwili na hakukipeleka mdomoni. Hata yeye, aliyezaliwa hospitali ya hapa Odense na ambaye Kiarabu chake kinatuchekesha, alijua hakinywewi mpaka mwenye nyumba aseme.

Mama Haitham akamtazama mumewe. Mumewe akainamisha kichwa mara moja.

"Kunywa," akasema.

Wanaume wakashusha pumzi kwa pamoja. Mjomba Shafiq akaanza kulia, imamu akainua mikono kusoma dua. Tamim alikunywa, meno yakigonga ukingo wa kikombe, mpaka kwenye masimbi ya chini ya kikombe. Mama Haitham alingoja amalize ndipo akakipokea.

"Nimekusamehe, na Mungu ni shahidi," akasema. "Fahd hatakugusa. Sasa uhame mji huu, mwanangu. Kila nikifungua dirisha nakuona wewe unavuka maegesho, na yeye hayupo pembeni yako. Siwezi. Nimejaribu, siwezi."

Tamim akasema, "Ndiyo, Mama." Akambusu mkono. Fahd alikuwa ameshatoka, na tulisikia viatu vyake vikishuka ngazi zote mpaka chini.

Tuna shangazi Jutland, mbali na hapa, kwenye mji mdogo wenye kiwanda cha samaki. Siku ile ile Mama alianza kukunja nguo za Tamim, akizikunja, akizikunjua, akizikunja tena.

Lakini kabla ya hapo nilimshusha Babu Nimr. Ngazi za kushuka zilimtisha kuliko za kupanda. Nilitangulia mimi, yeye ameniwekea mkono begani, tukishuka kidato kimoja kimoja. Macho yake yalikuwa bado mekundu, na nilijua tukifika chini atakuwa hajui ni kwa nini. Kwenye ghorofa ya Bi Inger akaomba tupumzike.

"Nyumba ya watu wema ile," akasema. "Yule kijana aliyekaa chini akinywa kahawa na mama yake, ndiye mtoto aliyewabakia?"

"Hapana, Babu," nikamwambia. "Yule ni wa kwetu. Kesho anaondoka."